Saa ya baba ilikuwa inamaliza mtihani, sasa imenyamaza

*Papa wa Saa, jambo. Niko Kadutu. Baba alitutoka mwaka jana akaniachia saa ya mkono ya kutia ufunguo, haina betri, iko na vitufe viwili vya kuzungusha pembeni na mishale minne, nne kabisa. Alirudi nayo kutoka Moscow, kule alisomea ku Université Lumumba, halafu akafundisha hesabu hapa Bukavu miaka na miaka. Siku ya mtihani anaivua, anaiweka juu ya meza ya mbao, ikifanya trrrrr basi kalamu chini. Sasa inatembea vizuri lakini kengele hailii tena. Kuna bwana ananipa dola 40, anasema ni ya Uswisi ila imeharibika. Dada yangu naye anasema nikiuza tusisemeshane tena. Nifanye je?*

Mwanangu, poleni kwa msiba. Huyo bwana ama anakudanganya ama hajui, angalia chini ya uso wa saa karibu na 6, kama iko na maandishi ya Kirusi yanaishia na kitu unasoma kama CCCP, basi hiyo ni Poljot ya Moscow, jina maana yake kuruka angani, na mashine yake ya ndani itakuwa ile ya namba 2612, yenye mawe 18, yaani vijiwe vidogo vya kupunguza msuguano ndani. Uswisi ni ukoo tu: Warusi walifuata mashine AS 1475 ya kiwanda cha A. Schild, ile iliingia mu saa za majina mengi sana miaka ya 1950 na 1960.

Sasa nikuulize kitu, usinicheke. Kile kitufe cha juu umekwisha kukitia ufunguo? Saa za namna hii ziko na springi mbili, moja ya kutembeza saa, moja ya kengele tu, na kila moja iko na kitufe chake. Watu wanatia cha chini kila asubuhi, cha juu wanasahau, halafu wanakuja kulia kwangu eti kengele imekufa kumbe ina njaa. Jaribu kwanza. Ikikataa, huenda mafuta yamekauka ndani, ni kazi ya fundi kufungua, kusafisha na kupaka mafuta mapya, si kifo.

Na ile meza ya mbao, baba yako alikuwa anajua! Ndani kuna kinyundo kinagonga kijiti kilichoshikamana na mfuniko wa nyuma, njo ule mfuniko unaimba. Ukivaa, nyama ya mkono inameza sauti. Ukiweka juu ya mbao, meza nzima inakuwa ngoma. Vulcain wa Uswisi walihangaika na shida hiyohiyo mpaka 1947 wakatoa Cricket, yaani nyenje, ambayo iko na mfuniko wa nyuma wa mara mbili wenye vitobo ili sauti itoke hata saa iko mkononi. Kitu kimoja tu, mshale wa kengele unapanga kwa macho, dakika tatu nne zinaweza kupotea huku au huku, kwa hiyo wale wanafunzi wa baba yako kuna siku waliibiwa dakika na kuna siku walipewa bure.

Bei? Sitakudanganya, Poljot haikaribii kabisa Vulcain wala Memovox, saa ya kengele ya Jaeger-LeCoultre wa Uswisi, hautajenga nyumba. Lakini huyo bwana na dola zake 40 atapata chuma na springi, darasa zima lililokuwa linashtuka pamoja hatalipata, hilo liko kwako na kwa dada yako. Mimi naungana na dada. Na fundi akikuambia apige rangi mpya usoni au asugue mwili wa saa ung'ae, kataa, wakusanyaji wanakimbia saa iliyopakwa upya. Kioo chake kikiwa cha plastiki, mikwaruzo unasugua na dawa ya meno na kitambaa laini, kazi ya jioni moja.

*Papa, ni kweli maraisi wa Marekani walivaa saa za kengele? Tumebishana hapa Nguba.*

Kweli. Truman, Eisenhower, Johnson, Nixon, wote Cricket. Aliyebisha alipe soda.

*Niko na simu, inaniamsha vizuri. Hiyo saa inanisaidia nini?*

Haikusaidii kitu, mama. Inalia sekunde chache inanyamaza, mwenye usingizi mzito haisikii. Ila ukiitia ufunguo usiku, vidole vyako njo vinalipa ile kengele ya asubuhi, simu haikuombi hivyo. Kama hilo halikugusi, baki na simu.

*Naweza kuivaa mvua ya Bukavu?*

Hapana. Hata ukiosha vyombo, vua.