Kijerumani hakishikwi mtaani, mdogo wangu

Mbukwenyi ndugu zangu. Nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, sijalala, nimefungua grupu la familia nikakuta meseji ya mdogo wangu kwamba kapata mnunuzi wa kiwanja chake cha Nala, na hela yote milioni sita anampa wakala mmoja hapo mjini wa kumleta huku Ujerumani, kwa sababu wakala kawaambia Kijerumani ni miezi mitatu tu, kinachobaki "utakishika mwenyewe mtaani ukifika". Alafu chini yake mmeanza kupongezana, mama mdogo ameshaanza dua, shemeji anauliza kama na yeye umri bado unaruhusu. Nimekaa kitandani na koti langu mwilini nikasema leo naandika yote, hata kama mtaninunia.

Ya baridi na upweke mmeshayasikia, siyarudii. Naongelea lugha peke yake, maana ndo imenitoa machozi kuliko kitu chochote huku, na miaka yote hii mnaniuliza mshahara, mnaniuliza theluji, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza dada unaelewana nao vipi hao watu.

Hebu tuanze na huo mtaa wa wakala. Mnajua nimezaliwa Chamwino nikakulia Chemba kwa sababu baba alipangiwa kufundisha kule. Nilifika nina miaka sita, nina Kigogo changu na Kiswahili, watoto wa kucheza nao ni Wasandawe, na lugha yao ina zile sauti za kugonga ulimi mdomoni ambazo sisi hatuna kabisa. Hakuna aliyenifundisha. Tulichunga mbuzi pamoja, tulipanda mibuyu pamoja, nikikosea wananicheka alafu wananirudishia neno lile lile vizuri, mpaka siku moja mama ananisikia naropoka Kisandawe usingizini. Kwa hiyo mimi nilipanda ndege na imani hiyohiyo ya wakala wenu, nikajua nitakishika tu. Lakini Chemba mtaa ulinichukua. Huku mtaa haukuchukui. Unapanda treni ya mjini asubuhi watu wamejaa na hakuna sauti, kila mtu na simu yake. Jirani wa mlango wa pili nimekaa naye miaka miwili, maneno yetu yote ukiyaandika hayajazi ukurasa wa daftari. Dukani unapitisha vitu kwenye mashine, unagusisha kadi, unatoka, hujafungua mdomo. Na ukijitahidi kuongea ukababaika kidogo, mtu mwema kabisa anakugeuzia Kiingereza, anadhani anakusaidia, kumbe hapo hapo kakunyima somo la siku hiyo. Unaweza kuishi huku miaka mitano ukabaki na salamu tu, nawajua watu wa hivyo, tena wana akili kunizidi.

Na hapa lazima nikiri, kwa sababu uvumi huu mbegu yake nimeipanda mimi. Mwaka wangu wa kwanza, nilipokuja kulea watoto wa familia moja, niliwatumia ile video namsalimia mama wa mkate na yeye ananijibu tunacheka, nikaandika chini Kijerumani chepesi tu, kinafanana na Kiingereza. Nilidanganya. Baada ya salamu yule mama aliniuliza kitu, nikacheka tena kwa sababu sikuelewa hata neno moja, video nikaikata hapo. Nilikuwa nimekuja na A1 peke yake, ile ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, niliyosomea Goethe, taasisi ya Kijerumani pale Upanga, Dar, huku nalala kwa shangazi Mbagala, na sikutaka mama ajue kwamba jioni mezani watoto wa miaka minne wananisahihisha na mimi naenda kulia bafuni. Mdogo wangu, ile video ulikuwa unawaonyesha wenzako. Nisamehe.

Sasa tuje kwenye miezi mitatu. Serikali ya Ujerumani yenyewe, ile kozi ya wageni wanaohamia kuishi huku, imeipangia masaa 600 ya lugha na mengine 100 ya sheria na historia yao, na hayo masaa 600 yote lengo lake ni B1. Hiyo ni ngazi ya tatu kati ya sita, maana zinaanza A1, A2, B1, B2, C1 mpaka C2. Na huyo ni mtu anayesomea hukuhuku, matangazo yote yanayomzunguka ni Kijerumani. Nesi akitaka cheti chake cha nyumbani kitambuliwe, kwa kawaida anadaiwa B2. Mtihani wa B2 wa Goethe una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na kila sehemu unatakiwa upate 60 kwa 100, huwezi kusema kusoma nimepata nyingi zikafidie kusikiliza. Mimi kusikiliza nilifeli mara mbili. Na kila mara nililipa upya kwa hela iliyokuwa ya ada ya watoto wa dada. Mnakumbuka mwezi ule niliosema benki ina shida? Benki haikuwa na shida.

Sarufi yao wala isikutishe sana. Namba wanazigeuza, 53 wanasema tatu-na-hamsini, kwa hiyo ukiandikiwa namba ya simu kwa mdomo utaikosea mwezi mzima. Saa ndo angalia sana, wakikwambia halb sechs wanamaanisha nusu ya kuiendea sita, yaani saa kumi na moja na nusu zetu, mimi nilijua ni sita na nusu yao nikafika kazini nimechelewa lisaa limoja siku ya pili tu ya kazi. Kitenzi mara nyingi wanakitupa mwisho wa sentensi, unakaa unasubiri mtu kafanya nini. Basi, utazoea.

Sasa niwaambie ya mguu, hii sijawahi kumwambia mtu yeyote nyumbani.

Darasani tulifundishwa Fuß ni kuanzia kifundo kushuka chini, na mguu mzima una neno lake lingine, Bein. Nikashika hivyo. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, huku karibu na Stuttgart. Usiku mmoja bibi mmoja kaanguka pembeni ya kitanda, tukamnyanyua, nikamuuliza panauma wapi, akasema Fuß, Fuß. Nikamvua soksi, nikabonyeza kifundo, nikageuza unyayo, hamna uvimbe, hamna jeraha, nikaandika kwenye taarifa kwamba Fuß haina tatizo. Asubuhi hawezi kusimama. Nyonga ilikuwa imevunjika. Kumbe wazee wa huku wanaongea Kijerumani cha kwao, Kiswabi, na kwao Fuß inaanzia nyongani mpaka vidoleni, ni mguu, mguu kabisa kama mguu wetu sisi! Yaani yule bibi alikuwa anaongea kama mama yangu angeongea, na mama yangu akisema mguu unauma ninaanza kumuuliza ni wapi, juu au chini, goti au paja. Sikumuuliza bibi kwa sababu niliogopa asije akanijibu sentensi ndefu. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo, neno ningesamehewa, lakini nilikwepa kuuliza swali la pili kwa kuogopa jibu, na mtu kalala masaa sita na mfupa uliovunjika.

Wakati wa makabidhiano ya asubuhi msimamizi akanisimamisha mbele ya wote, akaongea polepole, neno moja moja, kama anaongea na mtoto wa chekechea, akasema hapa tunahitaji watu wanaoelewa. Majibu nilikuwa nayo. Kwa Kigogo nilikuwa nayo, kwa Kiswahili nilikuwa nayo mpaka yanamwagika, kwa Kijerumani nikasema ja, ndiyo. Mimi! Mnanijua, harusi zenu zote mlikuwa mnanipa maiki, msiba ukitokea mimi ndo wa kuongea na wenye jeneza. Huku kwa mwaka mzima nilikuwa mtu wa ja na nein, ndiyo na hapana. Watu wanakuona huna maneno wanadhani huna mawazo. Mdogo wangu, wewe unayejibu walimu mpaka wanafunga daftari, hicho utakiweza?

Yule bibi alipasuliwa akarudi baada ya wiki kadhaa, hakutembea tena vizuri. Hakuwahi kunilaumu. Akitaka blanketi anasema Teppich, ambalo kitabuni ni zulia, na siku ya kwanza aliposema hivyo sikuangalia chini, nilimuuliza. Unataka nini bibi, nionyeshe. Akaonyesha blanketi. Nikaandika kwenye kidaftari changu cha mfukoni, na tangu siku hiyo nauliza, hata kama wananiona mzito, nauliza mara tatu.

Aliyenifungua mdomo hasa ni mzee mwingine pale pale, fundi seremala wa zamani, macho yamekwisha, alikuwa anataka mtu wa kumsomea gazeti. Wenzangu walikuwa hawana muda. Mimi nikimaliza shifti nilikuwa nabaki dakika ishirini, sio kazi, hamna malipo. Nasoma kwa sauti, kwanza taarifa za vifo maana hizo ndo alikuwa anazitaka, nani kafa, alizaliwa wapi, kazikwa lini. Nikikosea kale kaneno ka mbele ya jina, pa der nikasema die, anagonga meza, paa! Hanionei huruma, haniongeleshi polepole, hanigeuzii Kiingereza kwa sababu hakijui. Miezi kama minane hivyo. Hapo ndo nikaelewa kwa nini nilikishika Kisandawe, watoto wa Chemba walikuwa wanagonga meza vilevile. Unahitaji mtu anayekutaka ukae naye na ambaye hakuachii kosa lipite. Mara ya tatu kusikiliza nikapita, na nilipopata karatasi mtu wa kwanza kumwambia alikuwa yeye, akasema soma hiyo karatasi kwa sauti.

Basi sikia mdogo wangu. Usije. Yaani usije hivi, na A1 ya kukaririshwa chumbani kwa wakala. Soma huko nyumbani mpaka B1 iwe yako kweli, siku hizi mna treni ya umeme, Dodoma mpaka Dar ni masaa matatu na kitu, mimi nilikuwa nalala njiani na basi, ukishindwa kukaa Dar kasome kwa intaneti lakini mtihani kafanye sehemu inayotambulika, na hiyo ada ya mtihani nitalipa mimi, sehemu zote nne. Lakini pia usikae kusubiri ukijue chote ndo uje, hutakijua chote, mimi bado sijui, jana tu kuna neno nimelisikia sijawahi kulisikia.

Usikariri jina peke yake. Wewe hujawahi kusema kiti langu, na hakuna aliyekupa orodha ya kukariri, ulisikia kiti changu tangu unatambaa. Na wao wana ngeli zao tatu, der, die, das, kila neno liandike na mwenzake wa mbele, ulitamke na mwenzake, kwa sauti, hata jikoni. Usiulize kwa nini msichana ni das, na wewe hukutuuliza kwa nini kiti ni ki-vi.

Usione aibu kukosea. Ongea, vunja vunja, songa mbele. Lakini ukienda ofisini kwenye mambo ya viza au mkataba usiongee kwa kubahatisha hata siku moja, andika karatasi nyumbani, nenda na mtu, na kitu usichokielewa usisaini, sema sijaelewa, Ich habe das nicht verstanden, hiyo sentensi ijue kabla ya salamu.

Ukifika usikae na Watanzania, utaongea Kiswahili asubuhi mpaka jioni na lugha haitaingia. Alafu Jumapili nitafute, kwa sababu bila mtu wa kunitania kwa Kigogo mara moja kwa wiki mimi ningeshachanganyikiwa, nasema kweli, kuna wiki nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe naishangaa.

Na nyie wengine kwenye grupu acheni kumpongeza kwanza. Mama mdogo, dua endelea nayo, nakuomba uombe apate mwalimu. Shemeji, wewe umri umepita, tusidanganyane.

Kesho saa mbili usiku zenu nitapiga simu. Mdogo wangu uwe peke yako, uwe na daftari na kalamu. Nitakuuliza umeamka saa ngapi, umekula nini, kiwanja kina mita ngapi kwa ngapi, vyote kwa Kijerumani, na ukikosea nagonga meza. Huyo mnunuzi mwambie asubiri.