Shangazi, mke wangu amekataa kutia sahihi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 23, naishi Busia na mke wangu wa miaka 21 na mtoto wetu mmoja. Niliacha chuo mwaka wa pili ili nijiajiri, maana naona vijana wenzangu wanafanikiwa mapema. Nilifungua duka la vifaa vya simu Kampala, likapata changamoto, nikafunga. Sasa nataka kuanza upya kwa mkopo, lakini mke wangu anakataa kutia sahihi niweke rehani shamba alilotuachia marehemu baba. Pesa za PDM, ule mkopo wa serikali yetu ya Uganda kwa kaya, zilitoka kwa jina lake na alinipa bila maneno, sijui sasa kimembadilisha nini. Nahisi mama yake anamjaza. Nimfanyeje mwanamke asiyeniamini?*
*Mpambanaji, Busia*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa duka kufungwa, najua linauma. Pole yangu inaishia hapo.

Unauliza kimembadilisha nini mkeo, na jibu umeliandika mwenyewe ukalipita mbio. Pesa za PDM ni shilingi milioni 1 kwa kaya, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na mtu hupewa kwa mradi aliousema. Hukutaja mradi wake. Mimi nadhani ni kuku, tena nadhani banda lilishaanza kusimama uani. Kuku wale wakawa kodi ya chumba mjini. Duka limefungwa, wewe umerudi nyumbani na mipango mipya, lakini jina lililo kwenye daftari la SACCO, chama cha akiba na mikopo kilichotoa pesa hizo, ni la mkeo. Yeye ndiye atakayeulizwa. Na unasema alitoa "bila maneno"! Mwanamke wa miaka 21 mwenye mtoto mgongoni huenda alinyamaza kwa kuogopa kuitwa mkosi.

Hiyo changamoto nayo ni ipi? Kutoka Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200. Nani alikuwa anauza siku ulizokuwa nyumbani? Mauzo yaliandikwa wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika barua yako yote sijaona hesabu hata moja.

Mama mkwe wako mwache. Kama kweli ndiye aliyemwambia binti yake asitie sahihi, nampa mkono. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi na kujilisha, na iliwekwa kwa ajili ya nyumba kama yako. Mkopeshaji akilichukua shamba hilo, mtoto atakula nini?

Siwapingi vijana wanaoanza mapema. Nchini kwetu karibu nusu ya watu hawajafika miaka 18, na ajira za ofisini hazitawatosha. Nawapenda wanaoanza na chapati na mayai kando ya barabara, na wanaokaa kwenye vibanda vya mobile money tangu alfajiri. Ila siku hizi wengi wanataka kuitwa mkurugenzi kabla hawajampata mteja. Wewe unaishi mpakani, mayai, nyanya na mahindi yanapita mbele yako kila siku kwenda Kenya, na kama kweli mkeo alitaka kuku, alikuwa ameliona soko hilo. Ukampita, ukaenda kubanana na maduka ya simu ya Kampala. Katika nyumba yenu mfanyabiashara ni yeye.

Na hapa ndipo ndoa za sasa zinaponiudhi. Siku ya harusi kijana anamwita mke mwenzi wa maisha. Pesa zikiingia, yeye ni bosi na mke ni mdhamini. Hamuulizi tununue nini, anamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Halafu akikataa, anaambiwa hana imani.

Karatasi ya rehani ichane leo, mbele yake. Mweleze deni lilivyo, shilingi kwa shilingi, na umwombe msamaha bila kumtaja mama yake. Chaja na kava zilizobaki zipeleke sokoni hapo hapo Busia, uuze mwenyewe, uandike kila siku. Faida ya kwanza ipeleke SACCO ilipe deni lililo kwa jina la mkeo. Inayofuata ni ya banda la kuku, na kuku hao atawasimamia yeye.