Kabohaidreti kwa anayeanza: tazama kaboni namba 1

Wengi wanaoanza somo hili hukariri majina: glukosi, fruktosi, galaktosi, maltosi, sukrosi, laktosi. Wakiingia maabara, majina hayo hayawasaidii. Jambo la kushika mwanzoni ni moja: kaboni namba 1 ya glukosi imefungwa wapi, na imeelekea upande gani. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini sukari ya chai haibadili rangi ya Benedict (kimiminika cha bluu chenye shaba, cha kupimia sukari), na kwa nini ng'ombe hunenepa kwa nyasi ambazo binadamu hawezi kuzimeng'enya.

Anza kwa kuchora. Glukosi, fruktosi na galaktosi zina fomula ileile, C6H12O6. Zinatofautiana kwa jinsi atomi zilivyopangwa. Chora pete ya glukosi yenye pembe 6. Oksijeni iweke pembe ya juu kulia, kisha hesabu kaboni kwa mwendo wa saa, namba 1 ikiwa kulia kabisa. Kaboni namba 6 haimo ndani ya pete, huchomoza juu ya namba 5. Kundi la OH la kaboni namba 1 likitazama chini, hiyo ni alfa. Likitazama juu, ni beta. Rudia mchoro huu mpaka mkono uzoee.

Sukari 2 zinapoungana, molekuli 1 ya maji hutoka. Hapa alama nyingi hupotea: mwanafunzi hujumlisha tu na kuandika C12H24O12, wakati jibu ni C12H22O11. Katika maltosi, kaboni namba 1 ya glukosi moja hushika namba 4 ya nyingine. Glukosi ya pili inabaki na namba 1 iliyo huru, kwa hiyo pete yake inaweza kufunguka na kuipa shaba ya Benedict elektroni. Katika sukrosi, yaani sukari ya chai, namba 1 ya glukosi imeshikana na namba 2 ya fruktosi. Sehemu zote mbili ambazo zingefunguka zimefungana, shaba haipati kitu.

Sasa jaribio lenyewe. Weka sentimita za ujazo 2 za sampuli kwenye testitubu, ongeza kiasi hichohicho cha Benedict, kisha izamishe kwenye bikari ya maji yanayochemka kwa dakika 5. Usiiweke moja kwa moja kwenye moto, itaruka na kukuunguza. Bluu ikigeuka kijani, sukari ni kidogo. Ikipita njano na chungwa hadi mashapo mekundu kama tofali, sukari ni nyingi. Mashapo hayo ni oksidi ya shaba.

Ikibaki bluu, usiandike "hakuna sukari". Chukua sampuli mpya, si ile iliyokwisha kutiwa Benedict. Ongeza sentimita ya ujazo 1 ya asidi haidrokloriki hafifu, chemsha dakika chache ili kifungo cha sukrosi kivunjike, kisha ipoze chini ya bomba. Tia sodiamu haidrojenikaboneti kidogo kidogo mpaka povu likome, ndipo uweke Benedict na kuchemsha tena. Hatua ya kuondoa asidi ndiyo inayorukwa zaidi. Benedict hufanya kazi kwenye besi. Ikikuta asidi, rangi hubaki bluu na utaandika jibu la uongo ukiamini ni sahihi. Ukitia unga huo kabla ya kupoza, povu litafurika mezani.

Kwa wanga, kata kipande cha ndizi mbichi na kingine cha ndizi iliyoiva sana, dondoshea kila kimoja matone 2 ya iodini. Mbichi huwa bluu inayokaribia nyeusi. Iliyoiva hubaki karibu na rangi ya iodini yenyewe, maana wanga wake mwingi umeshakuwa sukari. Fanya hivyo kikiwa baridi. Wanga ni mnyororo wa glukosi za alfa. Mnyororo huo hujiviringa kama springi na iodini hukaa ndani yake. Ukipasha moto springi hulegea, rangi hupotea, na hurudi ikipoa.

Selulosi nayo ni glukosi tupu, ila ni beta. Kila glukosi ya pili hupinduka, mnyororo hunyooka, na minyororo hulala sambamba ikishikana kwa vifungo vya haidrojeni. Ndiyo nguvu ya uzi wa pamba na ukuta wa seli ya mmea. Vimeng'enya vyetu vya wanga havishiki kifungo hicho. Hata ng'ombe hana chake. Vijidudu vya tumboni mwake ndivyo vinavyomkatia.

Glikojeni, akiba ya glukosi kwenye ini na misuli, ni alfa kama wanga, lakini ina matawi mengi zaidi. Vimeng'enya hukata glukosi kutoka kwenye ncha, na ncha zikiwa nyingi, msuli unaokimbia hupata glukosi nyingi kwa mara moja. Ukiulizwa tofauti yake na wanga, taja matawi na ncha. "Huhifadhiwa kwa wanyama" peke yake haitoshi.