Dawa ya kupunguza uzito si uvivu

Dada, umeuliza kama kugeukia dawa baada ya miaka 9 ya kujinyima chakula ni uvivu. Hata kidogo. Ukipungua, mwili wenyewe huongeza njaa na kubana matumizi ya nguvu, ndiyo maana kilo hurudi hata kwa mwenye nidhamu. Semaglutaidi, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba umeshiba. Katika utafiti uliochapishwa 2021, waliochomwa sindano hiyo kila wiki kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa, kama asilimia 2 tu. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi.

Swali langu kwako ni hili: uko tayari kuitumia muda mrefu? Wengi wakiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Kichefuchefu na choo kigumu utavitarajia, hasa dozi inapopandishwa. Mwambie daktari kama umewahi kuugua kongosho, kama ukoo wenu una saratani ya tezi ya shingo (thairoidi), au kama unapanga ujauzito. Wauzaji wa mitandaoni (wale wa picha za kabla na baada) waache kabisa.