Saratani ya ovari iliyorudi na kufika kwenye kongosho: mama apasuliwe?

Dada wa Malindi, shikamoo kwa mama. Umeeleza kwamba saratani ya ovari imemrudia miezi 14 baada ya tibakemikali, ikashika mkia wa kongosho na wengu, nanyi mnahofia kisu.

Hofu hiyo ina msingi, lakini upasuaji haukatazwi kwa sababu ya kongosho peke yake. Utafiti wa DESKTOP III, uliofanywa kwa wanawake waliorudiwa na saratani ya ovari na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba waliopasuliwa kisha wakapewa dawa waliishi kwa wastani miezi 53.7, na waliopewa dawa tu miezi 46. Ila faida iliwafikia wale walioondolewa uvimbe wote, na waliobakiziwa hawakunufaika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 haukuona faida hiyo, kwa hiyo msikubali haraka. Muulizeni daktari kama mama ana nguvu za kutosha, kama maji tumboni ni machache, na kama upasuaji wa kwanza uliondoa uvimbe wote.

Mkia wa kongosho kwa kawaida hukatwa pamoja na wengu, kazi ambayo kwa maoni yangu haifai kufanywa bila daktari bingwa wa saratani za wanawake na bingwa wa kongosho, hata ikibidi kusafiri hadi Nairobi. Hatari kubwa ni maji ya kongosho kuvuja. Kisukari pia huweza kuanza. Kwa kuwa wengu utaondolewa, chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo zitolewe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji, na baadaye akipata homa yoyote, hata usiku wa manane, apelekwe hospitali mara moja.