Ukinunua Huipil, Anza na Upande wa Ndani

Blauzi ya kwanza niliyonunua Guatemala ilinidanganya, na mimi ni mtoto wa mitumba. Mama ametulea kwa meza yake pale soko la Memorial, Moshi. Kabla sijajua kusoma nilijua kukagua kola, zipu na makwapa. Nikafika soko la Chichicastenango siku ya Jumapili, rangi zikanipumbaza, nikasahau yote. Nikachukua huipil, blauzi pana wanayovaa wanawake wa Kimaya, imejaa ndege na maua. Nikaomba nipunguziwe mpaka nikajiona mjanja. Jioni mama mwenye nyumba niliyofikia aliishika, akaigeuza bila kusema neno. Ndani nyeupe pe. Maua yote yalikuwa ya kuchapwa.

Kwa hiyo, geuza. Ya kuchapwa itajiumbua yenyewe. Iliyodariziwa kwa mashine huwa na uzi wa chini wa rangi moja, mara nyingi mweupe. Ya mkono utaona vincha vya uzi na rangi zikiruka kutoka ua hadi ua. Ila usiwe mwepesi wa kuhukumu: wafumaji wa San Antonio Aguas Calientes hutoa nakshi inayofanana pande zote mbili, na hapo nusura nimwite mwongo dada wa watu.

Tena, si kila ua limeshonwa. Mengi yanazaliwa pamoja na kitambaa. Mfumaji hufunga ncha moja ya nyuzi kwenye mti au nguzo, nyingine kwenye mkanda unaozunguka kiuno chake, anapiga magoti. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama zinalegea. Mwili wake ndio sehemu ya mtambo. Nyuzi za rangi anazipenyeza kwa vidole, mstari kwa mstari. Wale ndege wa Santiago Atitlán, kando ya ziwa, ndio wa sindano, hudariziwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Huipil moja inaweza kula miezi, maana anafuma kati ya kupika na kufua. Siku hizi nauliza bei, nalipa au naondoka.

Kilichonishika zaidi lakini ni mazulia, na si ufundi wa mababu. Mwaka 2009 Mary Anne Wise, fundi wa mazulia kutoka Wisconsin, Marekani, alianza kuwafundisha wanawake huko, na baadaye likazaliwa shirika la Multicolores, lenye makao yake Panajachel. Malighafi? Mitumba! Kule wanaiita paca, marobota yaleyale yanayotoka Marekani. Fulana inachanwa vipande vyembamba, kisha inavutwa kwa kulabu kwenye kitambaa chenye matundu, na michoro ya huipil inageuka zulia. Nilimwona mama mmoja akipekua rundo kama mteja wa Memorial, ila hakuangalia saizi wala kola. Alitafuta buluu. Alishika kaptula, akaitupa, akashika nyingine, mpaka akapata ile aliyoitaka.

Ukitaka kujaribu nyumbani, chukua fulana za pamba, kwa sababu hazichambuki nyuzi sana. Kata vipande vyenye upana usiozidi sentimita moja. Mkono mmoja ushike kipande chini ya kitambaa, mwingine uingize kulabu kutoka juu na kuvuta kitanzi kidogo. Hakuna fundo, vitanzi hushikiliwa na kubanana kwao. Lakini visibanane mno! Mimi nilijaza kila tundu, zulia langu la kwanza likajikunja kama jani la mgomba lililokauka. Ruka tundu moja moja.

Kuhusu kufua, nyekundu na buluu iliyokoza ndizo za kuogopa. Lowesha kitambaa cheupe, kibonyeze kwenye sehemu ya nguo iliyofichika. Kikitoka na rangi, usiloweke. Vinginevyo maji baridi, sabuni kidogo, anika kivulini.

Zulia langu la pili lilikaa sawa. Nikalipiga picha, nikamtumia mama. Hakuuliza habari za Guatemala.

"Hiyo nyekundu si fulana ya gredi wani niliyokupa?"

"Ndiyo, mama."

"Na umeikata? We mtoto, si ungeniambia niiuze!"