Maswali Yenu: Deki ya kwanza ya Pokémon TCG Pocket

Barua nyingi za safari hii zinahusu Pokémon TCG Pocket, gemu ya kadi ya kwenye simu iliyotoka Oktoba 30, 2024. Tumechagua nne.

Nimepata Mewtwo ex, Charizard ex na Pikachu ex, nikawaweka wote kwenye deki moja (seti ya kadi ninazochezea). Kwa nini nafungwa na watu wenye kadi za kawaida? (Msomaji, Morogoro)

Kinachokufunga si ex (kadi zenye nguvu zaidi), ni nishati, yaani kinacholipia mapigo. Kila zamu unapewa nishati moja tu. Ukichagua aina tatu, gemu inakuletea yoyote kati ya hizo kwa bahati. Pikachu ex anahitaji nishati mbili za umeme ili apige. Kwa deki ya aina moja unazipata kwa zamu mbili. Kwa aina tatu utasubiri wastani wa zamu sita, na mechi nyingi huwa zimekwisha kabla ya hapo. Tena pigo lake huhesabu 30 kwa kila Pokémon wa umeme aliye benchi, yaani anayesubiri nyuma ya anayepigana. Ukimjazia benchi Mewtwo na Charmander, anapiga sifuri.

Chagua aina moja. Kwa kadi ulizonazo, tunakushauri umjenge Mewtwo ex. Deki ni kadi 20, na kila jina linaruhusiwa mara mbili tu, kwa hiyo weka mbilimbili: Mewtwo ex, Ralts, Kirlia, Gardevoir, Professor's Research, Poké Ball, Sabrina, Giovanni, Potion na X Speed. Usiingize kadi moja moja za "huenda ikanifaa". Mkono wa kuanzia ni kadi tano, na zamu yako ya kwanza unavuta ya sita. Kadi uliyoweka mbili ina karibu nusu ya nafasi ya kuwa mkononi hapo. Ukiweka moja, nafasi inashuka hadi kama theluthi.

Professor's Research (huvuta kadi mbili) na Poké Ball (huleta Pokémon wa kuanzia kutoka kwenye deki) usizisubiri kwenye pakiti. Nenda duka la ndani ya gemu ukazichukue kwa tiketi za dukani. Hizo ni za kununua kabla ya mapambo yoyote, kwa sababu zitaingia karibu kila deki utakayojenga baadaye.

Sasa namna ya kuicheza. Mewtwo ex ana pigo la 150 linalodai nishati nne, na kila akilitumia anapoteza mbili. Gardevoir akiwa benchi anaongeza nishati moja ya zambarau (aina ya Mewtwo) kila zamu kwa Pokémon wa zambarau aliye mbele. Ukijumlisha na ile ya kawaida unapata mbili kwa zamu, yaani unarudisha kile ulichopoteza na kupiga 150 tena na tena. Kwa hiyo Ralts ashuke zamu ya kwanza ikiwezekana, akue kuwa Kirlia ya pili, kisha Gardevoir ya tatu. Pokémon hawezi kukua zamu ileile aliyoshuka, wala katika zamu ya kwanza ya mchezaji. Wanaoanza humtuma Ralts mbele akapigwa mapema. Akifa Ralts, mpango wote umekufa, hivyo mtangulize Mewtwo.

Shilingi ikirushwa, ni bora kuanza au kufuata? (Msomaji, Nakuru)

Kuchagua huwezi, ila mpango ubadilike. Anayeanza hapewi nishati zamu yake ya kwanza. Kwa deki tuliyoeleza hapo juu, anayefuata anaweza kufikia nishati nne zamu yake ya tatu. Anayeanza anasubiri hadi ya nne. Faida ya kuanza ni kwamba unamkuza Pokémon wako kabla ya mpinzani, na hiyo inawafaa zaidi wenye hatua tatu za kukua kuliko Pikachu ex, ambaye hakui popote.

Natumia Sabrina ili nimvute yule dhaifu wa benchi, lakini anakuja mwingine. Ni hitilafu? (Msomaji, Mwanza)

Si hitilafu. Sabrina humwondoa aliye mbele, lakini nani aje badala yake huchagua mpinzani mwenyewe. Mtumie pale ambapo yeyote atakayekuja ni nafuu kwako: kwa mfano mpinzani amejaza nishati tatu kwa mmoja na benchi nzima haina kitu. Kumbuka pia kwamba kadi za watu kama Sabrina, Giovanni na Professor's Research zinaruhusiwa moja tu kwa zamu. Vifaa kama Poké Ball havina kikomo, basi vitangulize ndipo uamue mtu yupi umtumie.

Na hesabu pointi kila wakati. Mshindi ni wa pointi 3: Pokémon wa kawaida akifa hutoa 1, ex hutoa 2, na Mega ex hutoa zote 3. Ukishampoteza ex mmoja, yeyote atakayefuata anamaliza mechi. Mewtwo ex akibaki na uhai 40, mrudishe benchi. Kurudi kwake kunagharimu nishati mbili. X Speed inapunguza moja.

Nifungue pakiti zipi bila kulipa? (Msomaji, Zanzibar)

Pakiti ya bure huja kila saa 12, na hurundikana mbili tu. Usipoingia kwa siku nzima, saa zinazozidi hapo zinapotea. Kila pakiti hutoa pointi 5 za kununulia kadi (si zile za mechi), na pointi za toleo moja hazinunui kadi za toleo jingine. Kadi ya almasi mbili (alama za uhaba wake) ni pointi 70, ya tatu 150, na ex wa almasi nne 500. Hesabu yake ni hii: 70 ni siku saba za pakiti za bure, 500 ni siku hamsini. Basi kaa kwenye toleo moja mpaka deki ikamilike, pointi uzitumie kwa Gardevoir au Sabrina anayekosekana, na ex umwachie bahati.

Wonder Pick hukupa kadi moja kati ya tano unazoonyeshwa kisha zikafunikwa, na hakuna ujanja wa kuchagua mahali: ni moja kwa tano. Lipia pale tu ambapo angalau kadi mbili kati ya hizo unazihitaji. Ikitokea ya bure, ichukue.